Usikaze, Nkirote

Nimefundisha shule ya msingi hapa Muthara kwa miaka ishirini na saba, na makosa yangu mengi wanafunzi wenyewe wameshayasahau. Kosa moja tu ndilo lenye miguu miwili, na kila Krismasi hunitembelea nyumbani likiniletea majani chai.

Jina lake ni Nkirote. Magoti yake hayakomi pale magoti ya watu wengine yanapokoma. Akisimama wima, yanapita na kupinda kwa nyuma. Alipokuwa darasa la sita mimi ndiye niliyeongoza gwaride la asubuhi, na kwa ujuaji wangu niliona huo ndio unyoofu kamili. Nikamweka mstari wa mbele. "Tazameni Nkirote. Kazeni magoti kama yeye." Mtoto akisifiwa hachoki. Alikaza mpaka akamaliza darasa la nane.

Sasa ana miaka ishirini na minne. Anauza dawa mjini Embu, amesimama nyuma ya kaunta kutwa nzima, na jioni hujifunza baleti kwa Mwalimu Wawira katika ukumbi wa kanisa. Kwa asiyeijua, hiyo ni densi ya kusimama kwa mguu mmoja huku ule mwingine ukiinuliwa kana kwamba hauna uzito. Kumbe kazi yote iko kwa mguu wa chini. Mwaka jana, mbele ya mtahini kutoka Nairobi, goti la kushoto la Nkirote lilirudi nyuma, uzito ukahamia kisigino, naye akaanguka. Goti likavimba kama nduma. Daktari akasema likivimba tena, densi basi. Na Wawira alikuwa anatafuta mtu wa kufundisha darasa la watoto, lakini lazima awe amefaulu mtihani huo.

Aliponipigia simu kunieleza, nilimwambia lile tunaloambiana sote huku.

"Jikaze tu, msichana wangu."

"Mwalimu, hiyo kukaza ndio iliniharibia goti."

Nilikasirika siku mbili. Kisha nikaona aibu, nayo ilikaa zaidi ya siku mbili.

Mwezi wa nne alikuja likizo kwa mama yake, nikaenda kumwona akifanya mazoezi kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Akisimama akitazama mlimani, uzito unarudi kisigino na goti linaruka nyuma. Akigeuka kutazama bondeni, uzito unakuja mbele, karibu na vidole, na goti linatulia mahali pake. Wawira alimwagiza avute misuli ya paja juu bila kulisukuma goti lenyewe. Rahisi kusema.

"Shida ni hii," aliniambia. "Nikisimama sawa naskia ni kama nimekunja. Nikiskia niko sawa, hapo nimeharibu. Siwezi jiamini, Mwalimu. Nahitaji mtu aniangalie."

Nikaletewa kigoda, nikakaa ubavuni mwake. Kwa wiki tatu nilikuwa na neno moja tu la kusema: legeza. Mama yake alipita na ndoo akasema, "Huyu mwalimu amebaki na mwanafunzi mmoja na bado anapiga kelele."

Mtihani ulirudiwa mwezi wa nane. Niliruhusiwa kukaa ukutani, upande wa kushoto, mradi nifunge mdomo. Mguu wa kulia ulikwenda vizuri. Ikafika zamu ya ule wa kushoto. Nkirote akausimamia, wa kulia ukaenda juu nyuma yake, na nikaliona goti la kushoto likianza kurudi, kiasi cha unene wa kidole. Neno "kaza" lilinifika kwenye meno. Mazoea yana taabu. Nililimeza.

Yeye hakukaza. Alisogea mbele kidogo sana, kisigino kikawa chepesi, paja likavutika, na goti likarudi lenyewe mahali pake. Mtahini, mama mmoja mwenye miwani, aliinuka mezani, akazunguka ubavuni, akachuchumaa kulitazama kwa karibu. Nkirote akabaki vile vile, mguu juu. Yule mama akatazama, akaandika, akatazama tena. Mguu wa Nkirote bado uko juu, uso mtulivu kama mtu anayengoja chai ichemke. Jasho lilikuwa langu.

"Shuka sasa," mtahini akasema. "Umefaulu. Na goti hilo umelitunza vizuri."

Wawira alilipapasa goti pande zote. Halikuwa limevimba hata kidogo. Akamwambia watoto kumi na wanane watakuwa pale ukumbini Jumamosi saa tatu, wanamsubiri yeye. Mimi nililia wazi, mzee mzima, na sioni haya kulisema.

Nilifuta macho, nikamwendea nikampa mkono.

"Hongera, Mwalimu."

Nkirote akageuka nyuma kutazama ninamwita nani.