Noah na Mlango wa Daktari

Janeffer alikuwa akifundisha darasa la pili katika shule moja karibu na Kapsoit hadi presha ilipoharibu figo zake zote mbili. Tangu hapo, kila Jumatatu na Alhamisi alilala kwa saa nne katika hospitali moja mjini Kericho, mashine ikimsafisha damu. Mishipa ya mkono ilipoanza kuziba, daktari alisema atafutwe mtu wa kumpa figo, na wasichelewe.

Mume wake, Ongeri, alijitolea kwanza. Akakataliwa kwa sababu ya sukari. Ndipo jamaa za Janeffer wakakutana nyumbani kwa baba yake, kule Kabianga. Walizungumza hadi macho yote yakamwangukia Noah, kitinda mimba, kijana wa miaka ishirini na sita ambaye mkewe alikuwa amejifungua majuzi tu. Noah akasema atatoa. Mama yao akafunga kikao kwa maombi.

Vipimo vililingana. Ilibaki daktari azungumze na Noah peke yake. Asubuhi hiyo, kwenye benchi nje ya chumba, Janeffer alimwona mdogo wake akifungua na kufunga kamba za kiatu kilekile. Chai aliyonunuliwa ilikuwa imepoa bila kuguswa. Janeffer alijua kwamba akinyamaza, figo ataipata. Baadaye alikiri kwamba nusura anyamaze.

"Noah," akasema, "mle ndani hakuna mama wala baba. Kama hutaki, mwambie daktari. Mimi sitakuuliza."

Noah akainama kufunga kamba tena. Aliitwa, akakaa huko karibu saa nzima. Alipotoka alimpita dada yake bila kumtazama, akaenda kusimama getini.

Daktari aliiambia familia kwamba Noah hafai kutoa figo, na kwamba sababu ni siri ya mgonjwa na daktari. Mama yao alilia akidhani kijana naye ni mgonjwa. Janeffer alimshika mkono, na maneno ya benchini akabaki nayo.

Baada ya hapo mambo yalizidi kuwa mabaya. Mpira wa kusafishia damu aliowekewa Janeffer shingoni uliingia usaha, akalazwa na homa siku tisa. Ongeri aliwapigia binamu mmoja mmoja, mpaka simu zake zikawa hazipokelewi.

Jumapili moja mama yake Ongeri, mjane wa miaka hamsini na sita aliyechuma chai ya kampuni tangu ujana wake, alikuwa akimpa Janeffer uji.

"Mmeuliza watu mpaka Sotik," akasema. "Mbona mimi sijaulizwa?"

Janeffer akamwambia, "Mama, wewe ni mkwe. Damu yetu si moja."

"Hiyo itapimwa. Kunywa uji."

Vipimo, na kiapo mbele ya wakili kwamba hauzi figo, vilichukua miezi mitano. Upasuaji ulifanyika Eldoret. Siku mbili za kwanza figo haikutoa hata tone, na Janeffer alilala akitazama mfuko mtupu wa mkojo, akiogopa kumwambia mama mkwe aliyekuwa wodi ya pili. Siku ya tatu, alfajiri, muuguzi aliinua mfuko akamwonyesha: ulikuwa umejaa nusu.

Noah bado hajafika nyumbani kwa Janeffer na Ongeri. Wakikutana kanisani husalimiana, na Janeffer humuuliza habari za mtoto.

Mama Ongeri alikatazwa kubeba kikapu cha chai. Sasa analima sukuma wiki nyuma ya nyumba ya mwanawe, na hataki kusaidiwa kupalilia.