Betri Mpya ya Mama Lifti

Boneti iko wazi. Mama Lifti ameinamia injini, ameshika utepe wa kupimia nguo. Anapima bati ambalo betri ya vani yake hukalia: urefu, upana, kisha kimo. Muuza betri anamtazama akiwa ameegemea mlango wa duka lake.

"Dada, unaishonea suruali?"

"Ya zamani ningeishonea sanda," anajibu bila kuinua kichwa. "Hii mpya nataka ikae bila kubanwa."

Vani hiyo ni kuukuu, rangi imefifia na mlango mmoja unafunguka kwa kubembelezwa. Lakini nyuma ina lifti ya umeme, bati pana linalopandisha kiti cha magurudumu pamoja na aliyekikalia. Ndiyo iliyompa mwanamke huyu jina. Kazi yake ni kuwapeleka wasioweza kutembea kwenye kliniki ya mazoezi ya viungo, na kuwarudisha nyumbani.

Abiria wake wa kwanza alikuwa mumewe. Yeye ndiye aliyekuwa dereva wa vani hiyo, hadi alipoanguka kutoka juu ya paa na miguu ikapooza.

"Nilikuwa naogopa hata kurudi rivasi," anasimulia Mama Lifti. "Mume wangu alikaa nyuma ananifundisha kwa kelele. Majirani walidhani tunagombana. Na kweli, siku nyingine tulikuwa tunagombana."

Majirani haohao wakaanza kumwomba awachukulie wagonjwa wao. Sasa mume hupokea simu na kupanga safari, mke hushika usukani.

Wiki iliyopita ndipo mambo yalipoharibika. Alikuwa anampandisha Bibi Cherehani, mshonaji mstaafu, lifti ikanguruma kidogo na kunyamaza. Bibi akabaki ananing'inia kati ya gari na ardhi, mkoba mapajani.

"Nikamwuliza, 'Bibi, uko salama?' Akasema, 'Niko salama, mwanangu, ila sijui niko wapi.'"

Wanaume wawili wa karakana ya jirani walimshusha kwa mikono, kiti na yote. Bibi alicheka sana. Mama Lifti hakucheka. "Angekuwa mwenye kifua kibovu je? Ningewaambia nini watoto wake?"

Mumewe alipendekeza wanunue betri iliyotumika kutoka kwa rafiki yake. Gari zee lipewe betri zee, alisema, wataelewana. Mkewe alikataa katakata.

Ndiyo maana yuko hapa. Muuzaji anamtolea kwanza betri kubwa kuliko zote, akisifu kwamba inawasha hata lori. Wanaijaribu: boneti haifungi, na nguzo zake za kufungia nyaya ziko upande ambao nyaya hazifiki.

"Tukizivuta nyaya zitafika," anasema muuzaji, kisha anatikisa kichwa mwenyewe. "Hapana. Zitakuja kuchomoka ukiwa barabarani."

Anairudisha rafuni. Anaunganisha vani na betri ya gari lake mwenyewe ili iwake, kisha anapima chaji. Injini inachaji vizuri. Anakuna kidevu.

"Ukimpandisha mgonjwa, injini inakuwaje?"

"Nazima. Sitaki moshi uwaingie wazee."

"Basi hapo ndipo betri yako ilipokuwa inamalizwa, dada. Lifti inafyonza, na hakuna kinachorudishwa. Egesha moshi uelekee mbali nao, injini uiache inaunguruma."

Mama Lifti anachagua ya kati, yenye akiba kubwa ya umeme na inayoingia kwenye bati bila ugomvi. Anakagua tarehe iliyogongwa juu yake, asije akauziwa iliyolala dukani muda mrefu. Bei inapita mapato yake ya wiki nzima. Anavuta pumzi, analipa.

Betri ikishafungwa, injini inaitika mara moja. Anampigia mumewe na kuisogeza simu kwenye boneti.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Mbona umewasha kabla sijakuelekeza?"

Mchana anafika kwa Bibi Cherehani. Bibi anaitazama lifti kwa muda mrefu, mikono imeshika kiti.

"Tangulia wewe," anasema.

Mama Lifti anapanda peke yake, juu hadi mwisho, kisha chini. Bibi anamwomba arudie. Anarudia. Ndipo Bibi anaachia breki za kiti na kusogea mbele.

Njiani kuelekea kliniki, Mama Lifti anaeleza anachokitamani. Safari zake zote ni za kwa daktari, anasema. Anataka siku moja awapakie abiria wake wote, mumewe akiwa kiti cha mbele, awapeleke mahali penye nyasi na kivuli, pasipo na miadi wala wa kuwapima presha.

"Wao huteremka, mimi hubaki garini kusubiri," anasema. "Siku hiyo nitachomoa ufunguo, na mimi niteremke."