Sindano ya Ngombe Yangu ya Mwisho

Waasi walimaliza ngombe zetu kule Oicha. Nilikimbilia Butembo na moja tu. Ilipokawia kuzaa, Paluku muuza dawa, muongo yule, akaniambia: "Papa, nikidunga homoni hii, itatafuta dume kesho kutwa."

Bibi yangu wa ndoa, Masika, akasema: "Kwanza mutu aipime mimba. Kama iko nayo, sindano hiyo itaitoa."

Nikamucheka: "Mimba ya nani? Hapa hakuna dume! Dunga!"

Kesho kutwa yake nikamuita jirani Muhindo alete dume yake. Tulikuta katoto ka ngombe kameanguka kwenye majani, kamekufa, hakana hata manyoya.

Muhindo akaangalia chini: "Papa, dume yangu iliruka ua wa lupango yako, ikapanda ngombe yako, wakati wa kuvuna maharagi. Niliogopa kukuambia."

Nikaanza kumutukana Paluku. Masika akanikata maneno mbele ya majirani: "Baba Kambale, hapana Paluku. Ni wewe ulikataa ipimwe."