Saksafoni ya Tatu

Kwa miaka tisa nimekuwa nikiwadanganya watu wa Mara kila Jumapili saa kumi jioni, bila kujua. Kipindi changu cha redio ni cha bendi za jazz za zamani, na wasikilizaji wake ni watu wagumu. Ukikosea jina la mpiga besi wa Western Jazz, simu inaita kabla wimbo haujaisha. Kuna bwana mmoja wa Bunda ambaye kwa ajili ya Morogoro Jazz yuko tayari kukosana na shemeji yake, na kuna mama anayedai kwamba baada ya Jamhuri Jazz hakuna aliyeimba tena nchi hii. Bendi za sasa wanazisikiliza kwa adabu tu, kama mtu anayeonja mboga ya mkwe.

Jazz kwao haina uhusiano na Marekani. Jazz ni bendi kubwa: magitaa matatu, tumba, waimbaji, na nyuma yao mstari wa wapulizaji wenye tarumbeta na saksafoni, wote shati la rangi moja. Niliyokuwa naipiga zaidi ni Mwigobero Jazz ya hapa Musoma, watu kumi na wawili, bendi iliyokufa kabla sijazaliwa. Umebaki wimbo wao mmoja tu. Katikati ya wimbo mwimbaji anaita, "Ephraim, waamshe!" kisha saksafoni inaingia, na hapo hata mimi niliyeusikia mara mia huwa naacha ninachofanya. Wimbo ukiisha nilikuwa nasema: saksafoni, Ephraim Wambura.

Jumatatu moja alikuja studio mzee mrefu, mwembamba, kofia mkononi. Akajitambulisha kuwa ni Kasmiri Nyamburi wa Suguti.

"Mwanangu Agness," akasema, "ile saksafoni unayosemaga ni ya Ephraim, niliipuliza mimi."

Nilicheka, na sijivunii kicheko hicho. Lakini bendi ikishakufa huwa inaongezeka watu. Nimeshakutana na wapiga solo sita wa wimbo mmoja, wote wakiapa. Nikamwuliza mbona basi mwimbaji anamwita Ephraim.

"Hilo ndilo limenileta," akasema, akavuta kiti bila kukaribishwa.

Kasmiri alizaliwa Suguti, mwaka elfu moja mia tisa hamsini na mbili kwa mujibu wa cheti cha ubatizo. Kupuliza alijifunza misheni, kwenye bendi ya shule, na mwaka sabini na moja akachukuliwa Mwigobero Jazz kuwa saksafoni ya tatu. Vyombo vilikuwa mali ya tajiri mmoja wa samaki. Vilifungiwa stoo, vinatolewa jioni ya dansi, vinahesabiwa na kurudishwa. Hakuna mwanamuziki aliyelala na chombo chake chini ya paa moja, ndiyo maana Kasmiri, aliyepuliza miaka minane, hajawahi kumiliki saksafoni hata siku moja. Watu wa dansi waliiita mdomo wa bata, naye bado anaiita hivyo, kwa heshima kidogo, kama anamtaja mkubwa fulani wa kazini.

Bendi ilikuwa na utaratibu. Mpigaji akifikia kipande chake, mwimbaji anamwita kwa jina. Kuitwa jina ndiko kulikokuwa kuonekana kwenyewe. Wasichana walirudi nyumbani na majina, si na sura. Aliyeitwa ni mpiga solo na saksafoni ya kwanza, yaani Ephraim. Saksafoni ya tatu kazi yake ilikuwa kujaza sauti chini. Miaka minne Kasmiri alijaza.

Kisha bendi ikaenda Dar es Salaam kurekodi, treni kutoka Mwanza. Njiani jino la Ephraim likavimba. Siku ya kurekodi alikaa kwenye benchi amefungwa kitambaa kuzunguka kichwa, hawezi hata kumeza mate. Kiongozi wa bendi akamnyooshea kidole Kasmiri. Wakaanza. Mwimbaji, marehemu Shija, alikuwa na tabia ya kuimba amefumba macho, na pale palipofika saksafoni mdomo wake ukafanya kile ulichozoea kufanya kila Jumamosi. Akaita, "Ephraim, waamshe!" Kasmiri akapuliza. Wimbo ulikwenda vizuri mno, na muda wa studio ulikuwa umekwisha. Nani angethubutu kuomba urudiwe kwa sababu ya jina?

"Na wewe hukusema?" nikamwuliza.

"Nilikuwa nimefurahi. Nilijua mwakani tutarudi."

Hawakurudi. Ikaja vita, petroli ikaadimika, tajiri akauza vyombo. Kasmiri akawa mlinzi kwenye kiwanda cha pamba Bunda kwa miaka ishirini na mitatu, halafu akarudi Suguti kulima mihogo. Ephraim alikwenda kwao Butiama na jina lake likatangulia mbele yake. Mpaka leo ukimwuliza mtu wa bodaboda pale Butiama, atakupeleka kwa Mzee Saksafoni.

Mimi mtu akinipa hadithi nzuri hivyo, huwa nakwenda kumwuliza mke wake. Nikapanda gari hadi Suguti. Bi Tereza alikuwa uani anamenya mihogo, na nilipotaja wimbo ule alitupa kisu kwenye beseni.

"Kumbe ndiko alikokwenda Jumatatu! Mimi aliniaga anakwenda kutazama macho." Akanisogezea kigoda. "Sikiliza, mwanangu. Huyu mzee alinitongoza kwa sauti ya mwanaume mwingine. Alikuwaga anajificha kwenye ua wa minyaa wa nyumbani kwetu anapiga mluzi, ule ule wa kwenye wimbo, unapanda mara tatu halafu unashuka. Natoka kisimani namsikia. Sisi kwetu hatukuwaga na redio, nikajua ni wake. Nilipoolewa ndiyo nikasikia wimbo kwenye redio ya shemeji yangu, na mtu anaitwa Ephraim. Nikasema haya! Kumbe mluzi wenyewe ameuiba."

"Nilikwambia ni mimi," Kasmiri alisema kutoka mlangoni.

"Uliniambia na kwamba una ng'ombe kumi na wawili."

Kasmiri alinisindikiza barabarani, na tuliposimama kungoja gari akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Alisema Mara nzima iendelee kumsifu Ephraim, hana neno. Redio aliitaka kwa sababu Tereza huamini redio.

"Kitu kizuri maishani nimefanya kimoja," akasema. "Makosa yangu yote anayajua yeye. Nataka na hicho akijue, kabla mmoja wetu hajaondoka."

Basi nikajiingiza. Wiki iliyofuata tukaenda Butiama mimi na yeye, nikiwa na kinasa sauti, nikitarajia ugomvi. Mzee Ephraim, mzee wa kanisa, miaka themanini, alimkumbatia Kasmiri mpaka kofia ikaanguka.

"Ni huyu," aliniambia kabla sijauliza. "Mimi nilikuwa na jino. Nimewaambia watu miaka hamsini. Nikiwaambia wanasema, tazameni mzee anavyojishusha. Nikikataa zaidi wananipenda zaidi. Nifanyeje?"

Nikarekodi maneno hayo yote, na Jumapili nikayarusha. Simu zikaja kumi na saba. Kumi na sita zilisema Mzee Ephraim ni mnyenyekevu wa ajabu, Mungu amzidishie. Ya kumi na saba ilikuwa ya yule bwana wa Bunda, anataka Morogoro Jazz. Kesho yake Kasmiri akanipigia kuniambia kwamba Tereza amesikiliza kipindi chote, kisha akasema Ephraim ni mtu wa kanisa, ukimwomba shati anakupa na suruali. Nilikasirika sana. Watu walikuwa wameambiwa ukweli na mwenyewe, kwa sauti yake, wakaugeuza kuwa sifa yake.

Ikabaki njia moja, apulize. Bunda kuna kikundi cha tarumbeta za harusi chenye saksafoni moja iliyochakaa, na kiongozi wao alikubali kutuazima kwa saa moja. Hao ndio warithi, nadhani, kwa sababu bendi nyingi za kukodi huku siku hizi zina kinanda kimoja kinachojifanya tarumbeta nne. Kasmiri aliipokea kwa mikono miwili. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe mahali pake, hakuviangalia. Halafu akaiweka mdomoni. Meno ya juu ya mbele hana tangu mwaka juzi. Ulitoka upepo, na baadaye mlio mfupi uliowachekesha wapulizaji wa harusi. Alijaribu mara tatu, akaifuta kwa shati lake, akairudisha. Nilitamani nisingekuwepo.

"Angalau nimeishika," akasema.

Mimi niliona yameisha. Lakini kuna mtu Dar anayekusanya kanda za zamani, na nilikuwa nimemwuliza habari za Mwigobero Jazz kitambo, kabla hata ya safari ya Butiama. Alinijibu kwa picha moja ya jalada la kanda yenyewe, maandishi ya kalamu ya wino. Hakuna jina la mpigaji yeyote. Jina la bendi na tarehe tu: Septemba 11, 1975. Picha kama hiyo haimsaidii mtu. Hata hivyo nilimpelekea Kasmiri, kwa sababu nilimwonea huruma na sikuwa na kitu kingine cha kumpelekea.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Tereza alikuwa anaanika mihogo juu ya jiwe, Kasmiri amekaa karibu anatia mpini mpya kwenye jembe. Nikawasomea.

"Ndiyo, sabini na tano," alisema Kasmiri, akaendelea na jembe lake.

Tereza alibaki na kipande cha muhogo mkononi. "Sabini na tano?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama. Ndiyo siku waliyorekodi."

"Sisi tulihamishwa sabini na nne. Ile operesheni ya vijiji. Walitubomolea nyumba mwezi wa nane, tukaletwa huku kwenye kiwanja kitupu, hata mti wa kujishika hakuna." Alikuwa anaongea na ule muhogo. "Minyaa tuliiacha kule kule."

Mimi nilianza kuelewa, nikashika mdomo wangu.

Akamgeukia mumewe. "Ule mluzi wako ulikuwa wa kwenye minyaa, kabla ya wimbo."

"Mluzi gani?" Mzee wa watu hakuwa na habari. Alikuwa amesahau. Mwanaume aliyetafuta ushahidi miaka yote hiyo, akafika hadi Butiama na Bunda, alikuwa amesahau kile kimoja kilichokuwa nyumbani kwake.

Tereza akaweka muhogo chini, akakunja midomo, akapiga mluzi. Ukapanda mara tatu, ukashuka. Sijawahi kumsikia bibi wa miaka sabini akipiga mluzi. Kasmiri aliacha jembe.

"Nilikuwa na hofu siku ile studio," alisema polepole. "Ephraim alikuwaga na maneno yake ya kupuliza, mimi sikuyashika. Nilipuliza kilichokuwa mdomoni."

"Kilichokuwa mdomoni kilikuwa changu," Tereza akasema. Kisha akaniuliza kwa ukali kama wimbo huo ninao kwenye simu.

Ninao. Nikaupiga, simu juu ya jiwe katikati ya mihogo. Shija akaimba, magitaa yakajibizana, tukafika pale. "Ephraim, waamshe!" Saksafoni ikaingia. Kasmiri alikuwa ametazama chini kama mtoto anayesomewa ripoti ya shule.

"Rudisha," Tereza akaniambia.

Nikarudisha. Safari hii alisimama, akajifunga kanga kiunoni, akangoja. Shija alipovuta pumzi ya kuita, Tereza alimtangulia, kwa sauti iliyotawanya kuku uani na kumtoa jirani mlangoni:

"Kasmiri! Waamshe!"

Jina la Ephraim halikusikika kabisa. Saksafoni ikaingia. Kasmiri alikuwa ameokota mpini wa jembe, na vidole vyake vilikuwa vinabonyeza mti ule kimoja baada ya kingine, vinapanda, vinashuka, bila kukosea. Machozi hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi.

Niliurudisha wimbo mara tano, na mara zote tano alimwita.