Hongo ya Bwawa la Hombolo

Jamaldini alikuwa fundi wa rejeta pale Kizota, na kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa moja: kugombeza madereva. Lori likija linafuka moshi, hakuuliza habari za asubuhi. Aliuliza, "Maji uliangalia lini?" Dereva akianza kujiumauma, Jamaldini alimkatiza, "Injini bila maji ni mtu bila damu. Toka hapo nifanye kazi." Madereva walimwogopa, wakampenda, wakarudi. Mji mzima ungekwambia kwamba kwa mambo ya injini na maji hana mpinzani. Na mtu akisifiwa sana kwa jambo moja, basi hapohapo ndipo atakapoanguka.

Alipotimiza miaka hamsini na tisa alichoka. Aliuza pikapu yake kuukuu, akamwambia mkewe Adija kwamba sasa anataka boti.

"Boti, Baba Shamimu?" Adija akaacha kupepeta mchele. "Dodoma hii?"

"Hombolo kuna bwawa. Jumapili tunabeba chapati na chupa ya chai, tunazunguka taratibu, tunarudi. Watu wengine wanaishije?"

Adija alikuwa Mrangi wa Kondoa, binti wa milimani. Maji mengi aliyowahi kuyaona maishani ni ya mafuriko, nayo yalimpitia mbali. Hakubisha. Alisema tu kwamba kama ni boti, basi mume wake amwulize mtu anayeijua.

Mtu huyo alikuwapo. Chilongani, Mgogo wa Hombolo, alivua perege na kambale tangu ujana wake. Miaka ishirini na mbili nyuma gari lililobeba samaki wake lilitoboka rejeta mbele ya karakana ya Jamaldini, na kabla tundu halijazibwa wale wawili walikwisha kutaniana. Babu wa baba yake Jamaldini alitoka Ujiji na msafara wa pembe, akaugua homa Ugogoni, wenzake wakamwacha, akapona, akaoa, akabaki. Siku hizo msafara haukupita Ugogo bure. Ulilipa hongo, yaani ushuru wa njia na wa kisima, kwa kaniki na kwa shanga, ndipo watu wakanywa. Kwa hiyo Chilongani alimwita Jamaldini "mpagazi", na Jamaldini akamwita "mla hongo", na kila walipokutana mmoja alimdai mwenzake deni la maji ya miaka mia na zaidi.

Huo haukuwa mzaha wa kupita. Mama yake Jamaldini alipofariki, Chilongani alikuja makaburini akakaa juu ya rundo la udongo, akakataa kuondoka mpaka alipwe, maana mama wa mpagazi hawezi kulala kwenye ardhi ya Wagogo bila hongo. Watu waliokuwa wanalia wakacheka huku machozi yanawatoka. Jamaldini alimpa saa yake ya mkononi. Tangu siku ile alijua kwamba ndugu wa kuzaliwa anaye, lakini wa kumwinua siku ya msiba ni huyu.

Basi wakaenda pamoja kuangalia boti. Hoteli moja iliyokuwa kando ya bwawa la mbali ilikuwa imefungwa, na boti zake mbili zimeletwa Kizota, zimewekwa juu ya matofali zisubiri mnunuzi. Moja ilikuwa ya buluu, ina viti vyeupe vya ngozi na kioo cha mbele kama gari la bwana harusi. Nyingine ilikuwa ya kijani iliyopauka, ina mabenchi mawili ya mbao na tumbo bapa, mbaya kweli kweli. Jamaldini alikwishakaa kwenye kiti cheupe na kushika usukani.

"Shuka, mpagazi," alisema Chilongani. "Hiyo ina tumbo refu. Hombolo si kikombe, ni sahani. Mita mia tu umekwama kwenye tope, tuje kukuchomoa kama muhogo."

Akaiendea ile ya kijani. Aliigonga kwa kifundo cha kidole toka mbele hadi nyuma, akisikiliza kama mtu anayechagua tikiti. Akapanda ndani, akaruka mara mbili. Akachomeka kisu kwenye ubao wa nyuma unaobeba injini, kuona kama umeoza, na kisu hakikuingia. Injini yenyewe ilikuwa ndogo, nguvu farasi nane, na Jamaldini alipoidharau, Chilongani alimwuliza kama anakwenda kutembea na mkewe au anakimbizwa na askari. Ndogo inakula mafuta kidogo, alisema, na ikigoma unaweza kuinyanyua mwenyewe ukaenda nayo kwa fundi. Mwisho akaupiga kofi mguu wa injini, pale penye panga la kusukuma maji.

"Hii haina rejeta. Inavuta maji ya bwawa yenyewe. Ukitaka kuiwasha nchi kavu, huu mguu uutie kwenye pipa la maji kwanza."

"Mla hongo wewe, unanifundisha mimi maji?"

Wakacheka. Jamaldini akanunua ile ya kijani, na bei ilimwachia hata chenji ya kununua maboya manne ya kuvaa. Mpaka hapo hakuna kosa alilofanya.

Kosa lilikuja Ijumaa, nyumbani Nkuhungu. Hamidi, kaka yake Adija, alikuwa ameshuka kutoka Kondoa. Hamidi ana mashamba, ana maduka, na ana tabia ya kuangalia kitu cha mtu kisha akanyamaza kidogo kabla hajakisifu. Ule unyamavu wake Jamaldini alikuwa akiuchukia tangu siku ya posa. Baada ya sala majirani nao wakaja, wakaizunguka boti uani, na mmoja akauliza ilichaguliwaje.

Jamaldini angeweza kusema ukweli kwa maneno matatu. Badala yake alisikia mdomo wake ukianza safari. Alisema boti huchaguliwa kwa damu. Babu zake walivuka Ziwa Tanganyika, maji wamezaliwa nayo. Akaigonga boti kwa kifundo cha kidole toka mbele hadi nyuma. Akasema Hombolo si kikombe, ni sahani. Majirani wakatikisa vichwa, na Hamidi, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini, akasifu bila kunyamaza kwanza.

Ndipo Chilongani akatokea langoni na kikapu cha kambale wakavu, zawadi ya boti mpya. Alikuwa amesikia. Alikuwa anatabasamu bado, anangoja, maana mtani akikuibia maneno mbele ya watu hukuachia na mlango wa kumrudi.

"Na huyu mzee ndiye aliyekuonyesha mambo ya boti, shemeji?" Hamidi akauliza.

"Huyu?" Jamaldini akasema. "Huyu ni mvuvi tu wa kule. Nitampa kazi ya kuosha boti."

Laiti angelisema hivyo akimtazama Chilongani machoni, ungekuwa utani, na Chilongani angelijibu jibu la kuvunja mbavu. Lakini alisema akimtazama Hamidi. Majirani wakacheka kicheko cha adabu. Chilongani hakujibu. Alimkabidhi Adija kikapu kwa mikono miwili.

Jamaldini hakuuweza ukimya ule. Akaikimbilia injini, akavuta kamba, ikanguruma ua mzima, kuku wakatawanyika.

"Pipa," alisema Chilongani kwa sauti ndogo.

Jamaldini alimsikia. Huo ndio ukweli ambao baadaye hakuweza kuukwepa hata alipojaribu. Pipa lilikuwepo, hatua nne tu, limejaa, maana ilikuwa siku ya mgao wa maji na Adija alikuwa amekinga. Lakini kutia mguu wa injini kwenye pipa mbele ya Hamidi kungekuwa kukiri nani anajua na nani hajui. Akaongeza mafuta. Akaiacha ingurume kavu kwa muda wa mtu kumenya chungwa na kulila, na alipoizima, Chilongani alikuwa amekwishaondoka bila kunywa chai.

Jumapili walikwenda Hombolo watatu, Jamaldini, Adija na Hamidi. Boti iliteleza vizuri juu ya maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mashamba ya zabibu yalionekana ng'ambo. Adija alishika ubao kwa mikono yote, kisha kwa mmoja, kisha akathubutu kutia vidole majini. Jamaldini alimwona akitabasamu peke yake, akasema moyoni kwamba hata ikiishia hapa, imetosha. Ikaishia hapo.

Kwanza ilikuja harufu. Aliijua kuliko harufu ya nyumba yake: chuma kinachoungua kwa kukosa maji. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Alivuta kamba mpaka mkono ukafa ganzi. Pondo hakubeba, kasia hakubeba, maana damu ya Ujiji haikumkumbusha. Jua lilikuwa la saa sita. Hamidi akafunua kitambaa cha chapati, akakifunika tena. Adija akaanza kusoma dua taratibu, na kwenye boti ndogo hakuna pa kwenda ili usisikie dua ya mkeo.

Aliyekuja kuwavuta alikuwa Chilongani, kwa mtumbwi. Hakuna mwingine aliyekuwa karibu, na labda Jamaldini angependa awe mwingine yeyote, hata adui.

"Poleni," alisema Chilongani akifunga kamba.

"Imepatwa na nini?" Hamidi akauliza.

Jamaldini akasema, "Mafuta machafu. Wamenichanganyia na maji pale kituoni."

Chilongani alisogeza kiganja karibu na injini, akakirudisha haraka. Akamtazama Jamaldini. Alijua, na Jamaldini aliona kwamba amejua.

"Mafuta ya siku hizi mabaya," Chilongani akasema, akashika pondo lake.

Njia nzima alisukuma pondo. Uso umeumbwa na haya, na wa Jamaldini siku ile uliziona zote. Alikaa nyuma na injini yake iliyokufa, akitazama mgongo wa mtu ambaye yeye alimdhalilisha ukiinama na kuinuka kumfikisha nchi kavu, na uongo wake ukiwa umefunikwa na mtu huyohuyo. Walipofika ufukweni alijaribu. Alicheka kicheko kikavu, akasema, "Haya, mla hongo, nimepita kwenye maji yako. Sema unataka nini."

"Hapana, bwana," alisema Chilongani. "Ni msaada tu. Mfike salama."

Bwana. Miaka ishirini na mbili hakuwahi kumwita bwana. Jamaldini alihisi kama amefungiwa mlango na mtu mwenye adabu sana.

Wiki ile hakuwa mtu. Jumatatu aliifungua pampu ya injini, akaukuta mpira wake wa kuvutia maji umeungua, umekunjamana kama ganda la ndizi lililokaa juani. Jumanne ilikuja fuso inafuka. Jamaldini akaanza, "Maji uliangalia..." sentensi ikamkwama. Dereva akangoja agombezwe. Fundi akashika spana, akafanya kazi kimya, na dereva akaondoka akiwaza mzee anaumwa. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga, lakini mfinyanzi yule angalau hakuvunja chungu chake mwenyewe kwa ajili ya kusifiwa na shemeji.

Usiku hakulala vizuri. Hakuwaza injini. Aliwaza siku ya kufa kwake, watu wamejaa makaburini, wanalia kwa heshima, na juu ya udongo hakuna aliyekaa.

Jumapili iliyofuata, kabla Hamidi hajarudi Kondoa, alimwomba wafuatane tena Hombolo, yeye na Adija. Hakusema kwa nini. Walimkuta Chilongani ufukweni anashona nyavu.

"Mbukwa," Jamaldini alisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, bwana. Karibuni."

Jamaldini alitoa mfukoni ule mpira ulioungua, akauweka juu ya nyavu. 

"Shemeji, Mama Shamimu, nisikieni. Boti yangu alichagua huyu. Ile ya kugonga, ile ya sahani na kikombe, yote ni maneno yake. Aliniambia niwashe kwenye pipa, nikamsikia, nikakataa, kwa sababu ulikuwepo wewe, Hamidi. Mafuta hayakuwa na kosa. Injini niliiunguza mimi, fundi wa rejeta, kwa kukosa maji. Na mtu huyu nilimwita mwosha boti ndani ya nyumba yangu."

Hamidi alinyamaza, na safari hii unyamavu wake ulikuwa na haki. Adija alitazama chini. Alikuwa amemwonea mumewe haya tangu siku ile ya kambale, naye alikuwa akingoja aseme hivyo.

Chilongani aliugeuza ule mpira mkononi. Ndipo Jamaldini akafungua mfuko wa pili, akatoa kaniki mpya, nyeusi, imekunjwa vizuri. Aliitafuta sokoni siku mbili. Akaiweka mchangani mbele ya miguu ya Chilongani, kama ilivyowekwa zamani na watu waliotaka kupita, kisha akasimama akingoja kuambiwa bwana.

Chilongani aliinua kaniki kwa ncha za vidole. Aliikunjua yote. Aliitazama juani, akatafuta matundu, akainusa.

"Moja?" alisema. "Babu yako alitoa nne, mpagazi. Na alikuwa mgonjwa."

Jamaldini, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, aliinama haraka kuficha macho, akajifanya anafunga kamba za viatu vyake. Alikuwa amevaa kandambili.