Benchi la Nesi Imakulata

Nesi Imakulata alikuwa na benchi. Serikali ilileta mizani, jokofu la chanjo na mabango ya kunawa mikono, lakini benchi lilikuwa lake. Alilitafutia fundi mwenyewe, akalichagulia na mahali: ukutani, upande wa choo, mbali na kivuli cha baraza. Mama yeyote wa kata ya Mamba aliyepitisha tarehe ya chanjo ya mtoto alikaa pale mpaka wenzake wote wahudumiwe. Kabla ya kukaa, alisimama mbele ya kliniki nzima akataja sababu.

Jamani, hii haikuwa adhabu. Nesi mwenyewe aliiita elimu ya afya.

Kwa miaka kumi na tisa alisikiliza sababu za kila aina: mpunga ulikuwa unavunwa, mume alisafiri na kadi, baiskeli ilipasuka gurudumu. Alizisikiliza zote akiwa ameshusha miwani hadi puani, na zote alizikataa. Lakini jibu lililokumbukwa ni alilompa Lucia, mke wa mkulima wa kitongoji cha jirani. Mtoto wa Lucia alichemka homa usiku kucha baada ya sindano ya kwanza, na ya pili mama mtu akashindwa kuja. Alisimama akasema kwa sauti ndogo, "Niliogopa."

"Woga hauandikwi kwenye kadi, mama," Nesi akamjibu. "Kaa."

Kliniki nzima ilicheka. Lucia alikaa.

Halafu ikaja corona. Mwaka wa kwanza watu walikufa kwa changamoto ya upumuaji, ugonjwa wenye adabu zake ambao haukupenda kutajwa jina, na Nesi Imakulata alijifukiza kwa majani ya mwarobaini na kutafuna tangawizi kama wananchi wengine. Mwaka uliofuata, 2021, chanjo ikafika, na kwa heshima kubwa wahudumu wa afya wakaambiwa watangulie. Hapo ndipo mwanamke huyu, aliyekuwa amechoma mapaja ya nusu ya kata, alipogundua kwamba chanjo ni jambo la kufikiriwa kwa kina.

Alifanya utafiti. Utafiti ulifanyika kwenye simu, na mtafiti mkuu alikuwa mdogo wake Aneth, muuza vitenge wa kule Kashaulili mjini, aliyemtumia sauti za dakika saba saba. Katika sauti moja chanjo iligandisha damu. Katika nyingine ilizuia uzazi, jambo lililomsumbua sana Nesi Imakulata mwenye miaka hamsini na mbili na wajukuu watatu. Semina ya siku mbili aliyohudhuria Mpanda mjini, ambayo cheti chake kilining'inia ukutani, haikufua dafu mbele ya Aneth. Kwamba alikuwa na sukari, na kwamba wenye sukari ndio waliohimizwa zaidi, alilijua hilo vizuri. Aliwafundisha wengine kila Jumanne. Kwake mwenyewe, alisema, alikuwa anachukua tahadhari za kitaalamu.

Siku ya watumishi, mganga mfawidhi Sylvanus alifungua kichupa cha kwanza. Kila kichupa kilikuwa cha watu watano, na kikishafunguliwa hakilali. Wanne walichomwa. Ilipofika zamu yake, Nesi Imakulata alifunga mlango.

"Niandike tu, kaka Sylvanus," alisema.

Sylvanus alikuwa mtu wa amani, na ripoti yake ya wilayani ilihitaji asilimia mia moja. Akaandika. Dozi ya tano ikaingia kwenye pamba, na pamba ikaingia kwenye ndoo ya taka, ikiwa imekingwa kikamilifu dhidi ya corona. Sylvanus mwenyewe alilala na homa siku mbili, na Nesi akajipongeza kwa utafiti wake. Kadi yake akaipeleka dukani ikatiwa plastiki, akawa anawaonyesha kina mama wenye mashaka.

Ndivyo mambo yalivyokuwa hadi Jumanne moja ya mwezi wa tisa, mzee Malale alipoingia zahanati na wake zake wawili na mama yake mzazi. Malale alikuwa mfugaji, wazazi wake walishuka kutoka Shinyanga na ng'ombe zamani. Watoto wake wote walichanjwa na Nesi Imakulata, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulikalia lile benchi. Mama yake, bibi wa miaka themanini hivi, ndiye aliyekuwa akiwashika wajukuu miguu wakati wa sindano bila kuambiwa.

"Tumekuja ile ya corona," Malale alisema. "Kesho nahamisha ng'ombe kwenda bondeni. Tutarudi mvua zikishika."

Sylvanus akawahesabu. "Nyie wanne, mzee. Kichupa ni cha watano. Nikikifungua, dozi moja inapotea bure, na wilayani wataniuliza." Alisema hivyo bila kupepesa macho.

"Wa tano si mayu nesi huyu?" Malale aliuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mimi nilishachanja, baba," Nesi Imakulata alisema, akatoa kadi.

Malale aliigeuza huku na huku, akaifuta vumbi kwa kidole, akamrudishia. "Kadi hata mimi ninazo, mayu. Ninazo mpaka za ng'ombe waliokufa. Mimi nataka uniambie ilikufanyaje. Ng'ombe wakichomwa ile ya mapafu, wengine wanavimba mkia, wengine wanakataa majani siku mbili. Huyu mama yangu ni mtu mzima. Nijue nimwandalie nini njiani."

Katika semina yote ya siku mbili hakuna mtumishi aliyeuliza swali zuri kama hilo. Nesi akairudisha kadi mfukoni.

"Haikunifanya kitu," alisema.

"Mkono haukuuma?"

"Hata kidogo."

"Homa?"

"Sikuiona."

Malale akamwonea huruma, na ilikuwa huruma ya kweli. "Basi kwako haikushika, mayu. Ng'ombe wa hivyo tunamrudia. Rudia na sisi leo, tutimie watano."

Kina mama barazani walikuwa wamegeuza shingo wasikie. Sylvanus akakohoa, akasema kitabuni Nesi ameshaandikwa na aliyeandikwa harudiwi. Malale akakubali, maana hakuwa mtu wa kubishana na kitabu. Alimwinua mama yake waondoke. Bibi yule alipopita karibu na Nesi alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Wabeja, mayu," kama mtu aliyehudumiwa vizuri.

Shukrani hiyo ndiyo iliyomchoma. Miaka kumi na tisa aliwaambia watu hawa kwamba sindano ni kitu chema, na waliamini kwa sababu ni yeye aliyesema. Sasa bibi wa watu anapelekwa bondeni bila kinga ili kadi moja ya plastiki isiaibike. Nesi Imakulata aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Kaeni," alisema. "Sijachanja. Niliandikwa tu."

Sylvanus aliangalia dari kwa makini, kana kwamba inavuja. Malale hakukasirika wala hakushangaa. Alimrudisha mama yake kwenye kiti.

"Basi tumetimia," alisema.

Nesi akakunja mkono wa gauni, akaelekea kwenye kiti cha sindano, maana jambo la aibu ni heri liishe haraka. Hakufika. Sauti ilitoka nje, kule ukutani, upande wa choo. Lucia alikuwa amekaa pale na kitindamimba wake mapajani, amechelewa wiki mbili kwa ajili ya mpunga, na sababu yake ilikuwa imeshakataliwa asubuhi.

"Nesi," alisema kwa upole, "tarehe yako si ilipita?"

Hakuna aliyecheka. Nesi Imakulata alitoka barazani, akasimama mbele ya kliniki nzima. Alitafuta maneno ya kitaalamu, damu kuganda, sukari yake, dakika saba saba za Aneth, na yote yakamkimbia.

"Niliogopa," alisema.

 Lucia akamhamishia mtoto kwenye paja la pili, akasogea.

"Hiyo haiandikwi kwenye kadi," alisema. "Njoo ukae."

Akaenda, akakaa. Sylvanus akafungua kichupa, akamchoma Malale, akawachoma wake zake, akamchoma bibi taratibu, na Nesi Imakulata akasubiri awe wa mwisho. Jua la saa tano lilikuwa likimpiga usoni, na harufu ya choo ilikuwa inakuja moja kwa moja. Kwa miaka kumi na tisa yote hiyo, hakuwahi kulikalia benchi lake mwenyewe.