Verlyn na Kampuni Yake ya Gesi

Verlyn Sedlacek aliichukia kampuni ya gesi kwa zaidi ya miaka thelathini, na chuki hiyo ilimfaa kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya. Aliwahi kuuza mashine za kukamulia maziwa, kisha bima ya mvua ya mawe, kisha akasimamia ghala la mbolea mpaka alipostaafu, na kote huko watu walimwona mtu wa kawaida tu. Lakini alipofungua kinywa kuhusu gesi, wanaume wa Vesna, Nebraska, waliweka vikombe chini wakamsikiliza.

Walimsikiliza kwenye mkahawa wa Rosalie, katika meza ya duara iliyo karibu na dirisha. Wazee huikalia kila asubuhi, redio ikishatangaza bei ya mahindi. Hapo hutikiswa dadu ndani ya kikombe cha ngozi, na anayeshindwa huwalipia wenzake kahawa. Sheria hiyo haijaandikwa popote, na kuna nyingine isiyoandikwa iliyo kali kuliko hiyo: kila mtu pale ana lalamiko lake, na la mwenzake haligusi. Leland Zoubek ana reli, kwa sababu treni ya mizigo iliwahi kuziba njia mkewe akiwa na uchungu wa kuzaa. Merle Hotovy ana idara ya barabara. Merle akitaka kusema lolote juu ya treni, humtazama kwanza Leland, kama mtu anayeomba kukatiza shamba la jirani. Gesi ilikuwa ya Verlyn. Mtu wa nne, Curtis Amdahl, alihamia kutoka Minnesota miaka kumi na moja iliyopita, kwa hiyo bado ni mgeni. Hana lalamiko. Ameruhusiwa kuitikia kwa kichwa tu.

Verlyn aliitendea haki mali yake. Alijua kuikasirikia kampuni kwa majira. Wakati wa joto alishughulikia ile ada ya kila mwezi, inayodaiwa hata kama mtu hajawasha kiberiti. Vuli ilikuwa ya ofisi yao ya Vesna, iliyofungwa ili watu wapige simu kwa vijana walioko majimbo mengine, wasioweza hata kulitamka jina Sedlacek. Baridi ikiingia alianza na msoma mita. Zamani alikuja mtu kusoma mita, akawapapasa mbwa na kuulizia wagonjwa. Kampuni ikamwondoa, ikafunga kidude kinachosomwa na gari likiwa barabarani.

"Mbwa wangu alikufa kwa upweke," Verlyn alikuwa akisema.

Mbwa alikufa kwa uzee. Hakuna aliyemsahihisha, maana maneno yalikuwa yamekaa vizuri.

Ni kwa ajili ya maneno hayo watu walimchagua kuwa diwani. Hakugombea. Waliandika jina lake kwenye karatasi za kura kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza, naye akakubali kwa kudhani kazi ya diwani ni kulalamika akiwa amekaa kwenye kiti bora zaidi.

Halafu mkataba ulioiruhusu kampuni kupitisha mabomba chini ya mitaa ya Vesna ukakaribia kuisha. Meya Connie Brabec, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye nusu ya mji bado inamwogopa, akasema mji usiuongeze. Uyanunue mabomba, uuze gesi wenyewe, na faida ibaki nyumbani. Akamleta mtaalamu, akaonyesha michoro, akaeleza kwamba miji mingine midogo hufanya hivyo na haijalipuka. Madiwani walikuwa watano. Wawili walitaka, wawili hawakutaka. Wa tano alikuwa Verlyn, na Connie hakujisumbua hata kumuuliza. Ni kama kumuuliza paka kama anaafiki samaki.

Asubuhi iliyofuata Leland alimpokea mezani kwa kusimama.

"Hongera, bwana. Naona sasa unamiliki gesi."

"Hatujapiga kura bado," Verlyn alisema.

"Kura ya nini tena? Kura yenyewe si wewe?"

Merle alitikisa dadu bila haraka. "Mimi nauliza tu. Tanuru langu la kupasha nyumba joto likizima usiku, nampigia nani? Connie analala saa mbili. Nitakupigia wewe."

"Na bili ikipanda," Leland alisema, "nakuja kugonga kwako."

"Usigonge. Ingia tu, mke wangu hafungi mlango," Verlyn alisema.

"Nitakukuta umekaa?"

"Utamkuta amejificha kwenye kabati, kama ile kampuni," Merle alisema.

Wakacheka, hata Curtis. Verlyn naye alicheka, ila kahawa ilimpoa mkononi. Kwa mara ya kwanza aliiona picha nzima: asubuhi ya Januari, upepo unapiga, meza ileile, maneno yaleyale, na yeye ndiye anayesemwa.

Bernadine, mkewe, alikuwa jikoni akifinyanga madonge ya unga ya kulia nyama ya bata. Ameishi na Verlyn miaka arobaini na minne na hajawahi kuhitaji kumtazama usoni ili kujua anawaza nini.

"Utapiga kura gani?" alimuuliza.

"Mambo haya yana pande mbili, Bernie."

"Tangu lini? Miaka yote hii gesi imekuwa na upande mmoja."

"Ni fedha za watu. Lazima mtu awe mwangalifu."

"Connie ameonyesha hesabu. Hata mimi nimezielewa. Nawe ulikuwa umekaa mbele yangu, unaitikia kwa kichwa."

"Nilikuwa naitikia kwa heshima."

Bernadine alitumbukiza donge kwenye maji yanayochemka. "Najua kinachokusumbua. Wakiinunua, utamlalamikia nani? Mimi?"

Verlyn alisema huo ni upuuzi. Alisema kwa sauti ya mtu aliyekutwa na mkono ndani ya mtungi wa sukari.

"Sawa, ni upuuzi," Bernadine alisema. "Lakini Vlasta Kolar anakaa chumba kimoja baridi yote kwa kuogopa bili, na anavaa koti mezani. Nilimkuta hivyo Jumapili, anakunywa supu na kofia kichwani. Mwanamke wa miaka themanini na kitu. Ukisema hapana, nenda ukamweleze sababu. Si mimi."

Verlyn alikula bata wake. Alikuwa mtu mwema, na hiyo ndiyo shida ya watu wema. Hujiona wema kabla hawajatenda lolote, na mara nyingi huishia hapo.

Mkutano ulifanyika kwenye jengo la zimamoto, magari yakiwa yametolewa nje ili viti vienee. Mji karibu wote ulikuja, na mji karibu wote ulinyamaza. Huko Vesna, mtu anayesema jambo mkutanoni hupewa kamati ya kulishughulikia, kwa hiyo watu wamejifunza kuwa na maoni wakiwa kwenye maegesho tu. Vlasta Kolar alikaa safu ya mbele, amevaa koti. Huenda lilikuwa ni la kutokea tu.

Connie aliwaita madiwani mmoja mmoja. Ndiyo. Hapana. Hapana. Ndiyo. Kisha akamgeukia Verlyn huku tayari ameshika kalamu, kama mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi asiyewahi kukosea hesabu ile.

Verlyn alikohoa. "Nadhani ni wazo zuri," alisema. "Zuri sana. Ila labda tuliangalie zaidi kidogo."

Mgeni angedhani amesikia sifa. Wenyeji walijua wamesikia koleo likichota udongo wa kaburi. Katika mji ule hakuna jambo lililowahi kufufuka baada ya kuitwa zuri namna hiyo.

"Hiyo ni ndiyo au hapana?" Connie aliuliza.

"Kwa leo, basi, hapana."

Connie alimtazama kwa muda ambao baadhi ya waliokuwepo waliutambua kutoka darasa la saba. Kisha akaandika. Watu wakainuka kwenda kula keki zenye matunda zilizoletwa na akina mama wa kanisa, na hakuna aliyemuuliza kitu. Leland alimpiga begani akasema, "Ulikuwa uamuzi mgumu," ambayo ndiyo namna ya Leland ya kusema hakubaliani. Vlasta Kolar alimshika mkono, akamwambia ana hakika Verlyn anajua zaidi yake, kwa vile amelichunguza jambo hili miaka mingi. Bernadine alikuwa ameshatangulia garini.

Wiki iliyofuata ilikuwa bora kuliko zote alizowahi kuwa nazo pale mezani. Alirudi kwenye gesi kama mtu anayerudi kwenye shamba alilokaribia kupokonywa. Alitabiri kwamba sasa kampuni itapandisha bei kwa kiburi. "Wametushika shingo," alisema. "Watatufanya watakavyo."

"Si tungeinunua?" Curtis aliuliza.

Wote watatu walimgeukia. Curtis akashika kikombe chake.

Jumatatu ya pili, gari safi kuliko magari yote ya mji lilisimama mbele ya mkahawa, akashuka kijana aliyevaa buti zisizowahi kukanyaga samadi. Aliitwa Trent Halvorsen. Alikuwa afisa uhusiano wa kampuni ya gesi. Alimuuliza Rosalie swali moja, akaja moja kwa moja hadi mezani na mkono wake umenyooka.

"Bwana Sedlacek. Nimesafiri makusudi kuja kukushika mkono."

Verlyn akaushika. Amelelewa Nebraska. Mkono ukiletwa, hushikwa.

"Ofisi nzima inakuongelea," Trent alisema. "Shinikizo lote lile, na wewe ukasimama na sisi."

"Sikusimama na..." Verlyn alianza.

"Na unyenyekevu pia. Waliniambia." Trent alitoa mfukoni kofia mpya ya bluu yenye nembo ya kampuni, mwali wa moto unaotabasamu, akaiweka mezani mbele ya Verlyn. Kisha akamgeukia Rosalie. "Kahawa ya meza hii ni juu yangu leo."

"Huwa wanatikisa dadu," Rosalie alisema.

"Leo wapumzike."

Rosalie alikuwa ameshamimina. Trent alikaa robo saa, akakumbuka majina ya wote, akayatamka vizuri, hata Sedlacek, akaondoka. Dadu zilibaki ndani ya kikombe cha ngozi, na hakuna aliyekigusa. Mtu aliyejaza tumbo kwa kahawa ya kampuni huwa na muda kabla ya kuweza kuitukana, na kila mmoja alionekana kuupima muda huo.

Leland aliitazama kofia. "Inakukaa."

"Sijaivaa."

"Nasema ingekukaa."

Verlyn aliichukua kwa sababu kuiacha pale kungekuwa kumkosea Rosalie, aliyepanguza meza. Aliitupa nyuma ya kiti cha pikapu yake. Haikusaidia. Kufikia jioni mji mzima ulikuwa umeambiwa juu ya kofia hiyo, na wapo waliokuwa tayari kuapa kwamba wamemwona nayo kichwani.

Bei ilipanda Desemba, kama alivyotabiri. Ilipaswa kuwa sikukuu yake. Alifika mkahawani mapema, akakaa, akangoja wote watulie.

"Mmeona bili?" alisema.

Merle aligeuza kijiko upande mmoja, kisha upande mwingine.

"Si ungemuuliza Trent?" alisema.

Hakukuwa na ukali katika sauti yake, na hapo ndipo palipouma. Lalamiko lile halikuwa lake tena. Alijaribu siku nyingine kusema neno juu ya treni ya alfajiri, iliyokuwa imepiga honi kupita kiasi. Leland aliinua kiganja. "Treni niachie mimi, tafadhali," alisema, kwa upole mkubwa, kama anayemwondoa mlevi kwenye harusi.

Januari ilikuja na upepo wake. Asubuhi moja Curtis Amdahl, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa ameitikia kwa kichwa tu, alisafisha koo.

"Jana nilikuwa kwa Vlasta," alisema. "Tanuru limewaka sasa. Yule binti wa kwenye simu alikuwa na adabu sana, kwa kweli."

"Anza mwanzo, bwana," Merle alisema.

"Ndiyo. Basi, tanuru lake lilizima asubuhi. Au usiku, hana hakika. Nikapiga simu, wakaniwekea muziki. Haukuwa muziki mbaya. Wakasema fundi yuko mbali, anatoka jijini, na kuna theluji. Akafika jioni. Vlasta alikaa siku nzima na makoti mawili, na miguu ameiweka ndani ya tanuri la jikoni, lile la umeme, mlango uko wazi."

Alisimulia vibaya mno. Alianzia mwishoni, akamsifu adui, akaipitia miguu ya mama wa watu ndani ya tanuri kana kwamba ni jambo dogo. Verlyn aliona mahali pote ambapo yeye angetua, mahali ambapo angeshusha sauti, neno ambalo angelishikilia mpaka Rosalie aache kupanguza kaunta. Hata hivyo wote walikuwa wameweka vikombe chini.

"Endelea, Curtis," Leland alisema.

Curtis akaendelea, na alipokuwa akiendelea sauti ilimjaa kidogo. Siku nzima, alisema. Kwa baridi hii. Na mji ungekuwa na fundi wake mwenyewe, angefika kwa miguu.

Hakuna aliyemtazama Verlyn. Walikuwa na adabu ya kutosha kutomtazama, wote kwa pamoja. Kisha Merle, labda kwa huruma, akamgeukia.

"Na wewe unaonaje, Verlyn?"

Verlyn alifikiria mambo kadhaa aliyoyajua juu ya kampuni ile kuliko mtu yeyote wa wilaya. Kila moja lilimfikisha kwenye jengo la zimamoto, Connie ameshika kalamu.

"Nadhani wanajitahidi," alisema, akasogeza kikombe chake ili Rosalie amwongezee.